Kasuku Hawamezwi

Jumatatu, 18 Agosti

Hatujashinda mechi hata moja tangu msimu uanze mwezi wa nne. Juzi tumechapwa na timu iliyokuja na mchezaji mmoja pungufu, na mwingine kichwa kizima kimefungwa bandeji. Huyo wa bandeji ndiye aliyetufunga zaidi.

Leo Rhonda Thwaite ametuita wanachama ukumbini. Rhonda ni mwenyekiti wa klabu, na posta ni yake pia, kwa hiyo habari mbaya zote za Birrawook hupitia mikononi mwake. Amesema ligi imetuchoka. Imebaki mechi moja tu, Jumamosi hii, hapa nyumbani, na Yarpin. Tukishinda, tunaachiwa mwaka mwingine. Tusiposhinda, Jumatano inayofuata wanachama wa Yarpin watapiga kura kama watuchukue au la. Wakikubali, Kasuku wa Birrawook wamekwisha. Tutavaa jezi za Yarpin, tutachezea uwanja wa Yarpin, na uwanja wetu watalishia kondoo.

Yarpin! Wanajiita Nyoka, na kwa mara moja katika maisha yao wamesema kweli.

Mimi ni shabiki wa Kasuku tangu nina miaka sita. Nilifunga ndoa nimevaa soksi za waridi na kijivu, rangi zetu. Noreen anasema hakuziona mpaka baada ya kiapo, la sivyo angefikiri upya. Kwao Noreen ni Yarpin, lakini hilo nilishamsamehe.

Nilisimama ukumbini nikatangaza kwamba Alby Pengelly hatakaa akitazama klabu yake ikizikwa. Rhonda akasema angeshukuru sana kama ningekaa nikitazama.

Hawajui kinachopikwa humu kichwani.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempata mkombozi!

Nilikuwa dukani kununua dawa ya minyoo ya kondoo. Mtu akaingia ameinama, kisha akajinyoosha, na bado alikuwa anaendelea kujinyoosha nilipomaliza kulipa. Anaitwa Jesper. Ni Mdenmaki, fundi wa ile minara ya umeme wa upepo kule kilimani. Mpira wetu huu, wa mikono na miguu, hajawahi kuushika. Mambo madogo hayo. Mwenye urefu ule hahitaji kuruka, anyooshe mkono tu kama anayechuma tunda.

Nimemkaribisha chakula cha jioni. Nikatandaza mezani chupa za chumvi na pilipili, nikamfundisha. Nguzo nne kila upande. Mpira ukipita kati ya zile ndefu mbili, pointi sita. Ukipita pembeni, pointi moja. Ukiupeleka kwenye nguzo zako mwenyewe, adui anapata pointi moja tu, ila usithubutu. Kila robo ya mchezo timu zinabadilishana upande. Ukiuona mpira, chukua. Amesikiliza kwa adabu, akauliza kama kugongana ni lazima. Nikasema ni lazima. Akauliza kama mtu anaruhusiwa kuomba radhi baadaye. Noreen akamwongezea viazi.

Noreen ananiuliza kwa nini nasumbua watoto wa watu. Mtoto! Mguu wake mmoja unalingana na mimi mzima.

Jumatano, 20 Agosti

Tatizo la pili: honi.

Siku ya mechi sisi wa Birrawook tunaegesha magari kuzunguka uwanja, pua zikiangalia ndani, tunakaa humo na chai yetu. Timu ikifunga, tunapiga honi. Ndivyo wachezaji wanavyojua kwamba wanapendwa. Sasa shemeji yangu Desmond, kaka yake Noreen, Nyoka wa kuzaliwa, huja na lori lake la ngano. Lile lina honi ya kuamsha wafu. Mwaka jana aliipiga mpaka mbwa wetu akahama kwa siku mbili. Sisi tukijibu na vihoni vyetu, inasikika kama mbuzi wana mafua.

Leo nimekwenda kwa muuza vyuma chakavu. Nimeiona. Honi ya kile kinu cha unga kilichobomolewa, iliyokuwa ikiita wafanyakazi wa mji mzima. Shaba tupu, ndefu kama mkono wangu, na mtungi wake wa hewa. Hewa inatosha kupuliza mara moja tu, lakini mara moja hiyo itasikika Yarpin.

Hakutaka hela. Anataka jamu ya aprikoti ya Noreen, ile iliyowekwa kwa ajili ya maonyesho ya kilimo. Akaniuliza kama mke wangu ameridhia. Nikamwambia mimi na mke wangu ni mwili mmoja.

Chupa zote zimekwenda. Nimezipanga chupa za kachumbari ya siki mahali pake. Kwa mbali rangi inafanana.

Alhamisi, 21 Agosti

Mazoezi. Kocha alipomwona Jesper alivua kofia. Mpira uliporushwa juu, Jesper aliudaka bila kutoa kisigino ardhini. Wanaume wazima walipiga makofi.

Kisha beki wetu mmoja akamwambia, lete hapa. Akampa. Wa upande wa pili akamwambia, hebu nipe. Akampa na yeye. Kocha alirudisha kofia kichwani. Nimemchukua Jesper pembeni, nikamweleza kwamba Jumamosi awape wenye jezi ya waridi tu. Akasema sawa, ila kwao mtu akiomba vizuri ni vigumu kumnyima.

Noreen anasema kabati linanuka siki. Nimesema ni hali ya hewa.

Ijumaa, 22 Agosti

Unyang'anyi!

Mahali pangu pa kuegesha ni nyuma ya nguzo za kaskazini, chini ya mkalitusi uliokatika. Ni pangu tangu nipate leseni. Kila Ijumaa kabla ya mechi ya nyumbani huliacha gari hapo saa kumi jioni, narudi nyumbani kwa miguu. Kila mtu anajua. Padri anajua.

Leo nimefika, nimekuta lori la ngano. Tangu saa sita mchana! Desmond ameketi kwenye ngazi ya lori, anakula tufaha langu. Nasema langu kwa sababu alipitia nyumbani kwanza, Noreen akamfungashia.

"Shemeji," akaniambia, "nimekuja kupakagua kabla hapajawa petu."

Nikamkumbusha kwamba ipo desturi. Akasema ameisoma, inasema anayewahi ndiye anayeegesha. Nikazunguka uwanja mzima, magari yameshajaa. Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu, ubavuni mwa kibanda cha watunza saa. Hapataki mtu hapo, kwa sababu king'ora cha kumaliza mchezo kiko juu ya paa lake na kikilia kinakuondolea mzibo wa jino. Nimeegesha hapo hapo. Honi ya kinu nimeifunga juu ya gari, nimeifunika blanketi.

Na usiku wa leo Desmond analala kwangu! Noreen kamtandikia chumba cha wageni na kumchomea mguu wa kondoo. Mezani alikula kama aliyetoka vitani, akaniuliza bei ya kulisha kondoo uwanjani kwetu itakuwaje. Nilitabasamu. Nilikuwa nawaza ile shaba.

Jumamosi, 23 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Robo ya kwanza: tulichakazwa. Fowadi wao Tate Lowrie, kijana mwenye mabega ya ng'ombe, alifunga kila alipogeuka. Honi ya Desmond haikunyamaza. Jesper alimgonga Nyoka mmoja, akamwinua, akamfuta vumbi, akamuuliza hali ya mama yake. Wakati huo Lowrie akafunga tena.

Robo ya pili na ya tatu: mambo yakabadilika. Kocha alimwambia Jesper kwamba kila mwenye jezi nyeusi ni mkaguzi wa kodi. Sijui kwao Denmark wakaguzi wanawafanya nini watu, lakini baada ya hapo hakumpa mpira hata mmoja wao. Alidaka, akawapa wetu, wakafunga. Nilipiga honi ya kawaida ya gari mpaka ikakauka. Rhonda, ambaye siku zote hutazama mechi kana kwamba yuko mazishini, alionekana akiruka.

Robo ya mwisho. Tuko nyuma pointi nne. Dakika zimekwisha, zimebaki sekunde. Kijana wetu wa kwenye duka la mikate akaupata mpira, akateleza, akapiga akiwa anaanguka. Katikati ya nguzo ndefu! Sita! Tunaongoza kwa mbili!

Hapo ndipo nilipotoa blanketi.

Niseme ukweli, sauti ile ni tukufu. Inaanzia kwenye nyayo. Ndege wote waliokuwa juu ya ghala la ngano waliruka. Nikafunga kilango cha hewa. Hakikufunga. Nikakipiga na chupa ya chai. Kikakatika.

Sasa tatizo, ambalo mtu yeyote angeweza kutolitazamia: honi ya kinu na king'ora cha uwanjani ni sauti moja. Ndugu kabisa. Na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwa kibanda. Uwanja mzima ukaona kwamba mechi imekwisha. Vijana wetu wakarushiana jezi. Nyoka wakakaa chini wakashika vichwa. Akina mama wakaacha kaunta ya chai wakakimbilia ndani, mbwa nao. Watunza saa walikuwa wamejitokeza hadi kiunoni dirishani, wanapunga mikono yote minne kwamba bado, bado, bado. Walioendelea na mchezo ni wawili tu: mwamuzi, aliyewaona akaurusha mpira juu kama sheria inavyotaka, na Jesper.

Maana nilimfundisha Jesper kila kitu isipokuwa king'ora. Nilisahau. Yeye alijua kwamba mpira ukirushwa, unachukua.

Akachukua. Akakimbia. Hakuna aliyemzuia, maana wote walikuwa wanakumbatiana au wanalia. Alimruka Rhonda. Alimkwepa mbwa. Na mimi nikaona anakoelekea. Alikuwa anakwenda kule tulikokuwa tunashambulia robo ya tatu. Nguzo zetu wenyewe! Nikapiga kelele nikaishiwa pumzi, lakini juu ya kichwa changu kinu kizima kilikuwa kinaita wafanyakazi.

Aliupiga katikati kabisa. Mpira mzuri kuliko yote ya msimu.

Ukipeleka kwako mwenyewe, adui anapata pointi moja. Moja! Tulikuwa tunaongoza kwa mbili. Nilihesabu kwa vidole mara tatu. Kisha king'ora cha kweli kikalia, hakuna aliyekisikia, watunza saa wakatoa bendera dirishani. Birrawook tumeshinda kwa pointi moja!

Nilimbeba Jesper. Yaani nilishika goti lake. Desmond alikuja akanipa mkono, akasema hajawahi kuona ujinga wa kiwango hiki. Nimeipokea kama pongezi.

Jumapili, 24 Agosti

Kanisani tumeimba kwa nguvu. Padri kavaa soksi za waridi. Rhonda alinipita mlangoni akanigusa bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nimekuwa mtu wa heshima. Nimemweleza kila aliyesimama jinsi nilivyomgundua Jesper.

Noreen amefungua chupa ya jamu ampelekee Jesper. Amekuta kachumbari. Amefungua ya pili. Nimekwenda kuangalia kondoo.

Jumatatu, 25 Agosti

Kasheshe.

Rhonda amenisubiri nje ya posta, mikono kiunoni. Yarpin wamepeleka malalamiko. Ligi imekaa asubuhi, imeamua: kwa kuwa kelele ya kutoka nje ya uwanja iliwafanya wachezaji waache kucheza kabla ya muda, mechi imefutwa. Haina mshindi. Na kwa kuwa haina mshindi, sisi hatujashinda mechi hata moja, na Jumatano Yarpin wanapiga kura.

Nikamuuliza kama kuna uwezekano wa kujua kelele ilitoka wapi.

"Mzee Pengelly," akasema, "tulikuwa tunaongoza. Ungekaa tu kwenye gari ukanywa chai, tungekuwa salama."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nimerudi nyumbani nikizunguka kwa nyuma ya makaburi nisionane na watu. Babu yangu amelala pale, na bendera ya Kasuku imechongwa kwenye jiwe lake. Nilipita haraka.

Ni mimi. Miaka yote hii nalaumu makocha, waamuzi, upepo, kamati. Safari hii nimeiua mwenyewe kwa mkono wangu. Roho inaniuma kweli.

Jumanne, 26 Agosti

Muuza mikate amenipa mkate wa jana kwa bei ya leo. Sikubisha.

Jesper amekuja kuniomba radhi kwa kukimbilia upande mbaya. Yeye aniombe mimi! Nikashindwa kumtazama usoni. Vinginevyo ningeteguka shingo kwa urefu ule.

Jioni nimepata wazo. Kura ni ya wanachama wa Yarpin. Ukumbi utakuwa umejaa. Nani anamjua nani? Kwenye sanduku la Noreen iko sweta nyeusi ya Yarpin ya marehemu baba yake. Kura moja inaweza kuamua.

Jumatano, 27 Agosti

Sweta ilinibana kifuani, na ilinuka nondo. Nikavaa na kofia ya kuchungia, nikakaa safu ya mwisho. Mama mmoja akanikaribisha keki, akaniuliza mimi ni wa akina nani. Nikasema wa upande wa mtoni. Yarpin haina mto. Akaniongezea keki.

Mwenyekiti wao akaeleza faida. Wachezaji zaidi. Wadhamini zaidi. Jesper. Watu wakatikisa vichwa kukubali, mmoja baada ya mwingine. Wakauliza kama kuna mwenye neno.

Desmond akasimama. Kofia mkononi. Nikasema moyoni, huyu ndiye wa kupigilia msumari.

"Nina miaka sitini na nane," akasema. "Kila mwaka tunawachapa Birrawook mara mbili, na kila mara shemeji yangu ananuna mpaka Krismasi. Mara moja moja wanatuchapa wao, nanuna mimi. Sasa mnataka niegeshe lori langu karibu na gari lake, wakifunga tupige honi pamoja? Nikiamka Jumamosi nitamchukia nani? Mtaniua, jamani. Waacheni walipo."

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha, na nikaona kwamba kila mmoja anamfikiria mtu wake wa Birrawook. Yule mama wa keki alijifuta jicho, akasema dada yake anaishi kwetu na hawajasalimiana vizuri tangu msimu wa mafuriko, na hataki yaishe.

Wanaopinga wakaambiwa wainue mikono. Mikono kibao! Mimi sikuinua wangu. Nilikuwa nalia kwenye kofia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, na kura yangu niliyosafiri nayo haikupigwa. Haikuhitajika. Wamekataa kutuchukua. Ligi nayo haina timu nyingine ya kututupia, kwa hiyo tunabaki. Kasuku wako hai!

Nje, Desmond alikuwa ameegemea lori. Alisema sweta ya baba yake imenipendeza, na niirudishe kabla Noreen hajajua.

Alhamisi, 28 Agosti

Leo nimekuwa mtu mpya.

Nimemwalika Desmond chakula. Nilisimama mezani mbele ya Noreen, nikamshika mkono. Nikamwambia yeye si shemeji tena, ni ndugu yangu wa damu. Nikasema nimejifunza. Nimeacha hila zote, kabisa, mpaka kaburini. Nikamwambia Noreen kweli yote kuhusu jamu, akaniambia alishajua kwa harufu hata kabla hajafungua zile chupa, na kwamba tangu leo nitamenya aprikoti mwenyewe mpaka maonyesho yapite. Nikakubali bila kunung'unika. Sote tuliguswa. Desmond alipenga kamasi kwa kitambaa cha meza.

Kwa vile tulikuwa ndugu sasa, akalegea, akaanza kunimwagia ya moyoni. Akasema kinachomnyima usingizi ni Tate Lowrie, yule fowadi wao. Mwenye nyumba wake amempandishia kodi, kijana amekasirika, anatafuta chumba popote, hata nje ya Yarpin, na anayeishi nje ya mji wao kisheria anaweza kuchezea timu ya mji anakolala. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwapia kwa mkono juu ya moyo.

Sikumwambia mtu yeyote. Nilimpigia simu Lowrie mwenyewe.

Anahamia chumba chetu cha wageni Jumapili. Kodi hakuna, nyama kila siku. Noreen anakitandika sasa hivi, nimemwambia ni kijana mpweke anayehitaji mama. Desmond ndugu yangu amelala kwenye kochi hapa mbele yangu, anakoroma, ana amani usoni. Sitamwamsha. Atajua mwezi wa nne.